Nembo ya Farasi wa Tongoni

Ujumbe wa kwanza wa Bi Muzna ulikuwa wa sauti, na Shadya aliusikiliza mara mbili, mkono mmoja umeshika simu na mwingine umeshika fulana ambayo rangi yake ilikuwa haijakauka.

"Assalaam alaykum, dada Shadya. Mimi naitwa Muzna binti Harub, niko Tongoni. Namba yako nimepewa na mmoja wa wagonjwa wangu, anausifu sana mkono wako. Nina biashara ndogo ya tiba ya farasi, sasa nataka logo. Iwe nzuri, ya kitaalamu, mtu akiiona aelewe mara moja tunafanya nini. Basi, nakusubiri."

Shadya alikuwa na mwaka wa saba katika kazi hiyo. Chumba chake cha Barabara ya Nane, Ngamiani, kilikuwa kimetoa kadi za harusi, mihuri ya vikundi vya akina mama, vibao vya maduka ya dawa, na maandishi ya migongoni mwa bajaji nyingi zinazozunguka Tanga mjini. Farasi hakuwahi kumchora, lakini hakuona ugumu. Tiba ya farasi, maana yake farasi wanatibiwa. Akamchora farasi amelala ubavu, kafungwa bendeji kichwani, na pembeni mkono wa daktari umeshika sindano. Chini akaandika Tiba ya Farasi kwa herufi za kijani, akatuma.

Saa nzima ilipita. Kisha ikaja sauti ya Bi Muzna, na kabla ya maneno kilitangulia kicheko.

"Dada Shadya, farasi wangu hawaumwi, alhamdulillahi. Farasi ndiye anayetibu."

Shadya akamgeukia Blessing, msichana aliyekuwa akikaa kwenye mashine ya kutolea kopi.

"Ati farasi ndiye anayetibu."

"Anatibuje?" Blessing aliuliza. "Anaandika dawa?"

"Sijui."

"Au ni mambo ya uganga? Kwetu Muheza kulikuwa na mzee akitibu kwa kuku mweusi."

"Kuku si anachinjwa?"

"Sasa na farasi watamchinja?"

Shadya alitaka kupiga simu aulize, akaona haya. Mtu aliyesifiwa mkono wake hawezi kuanza kuuliza mambo ambayo mteja anadhani yanaeleweka. Akakaa kwenye kompyuta mpaka adhuhuri, akamchora farasi amesimama kwa miguu miwili, amevaa koti jeupe, kipimo cha mapigo ya moyo kimening'inia shingoni. Ilikuwa picha ya kupendeza. Blessing aliomba aiweke kwenye simu yake.

"Watoto wataipenda," Bi Muzna alijibu. "Lakini wazazi wao watadhani nafanya mchezo. Jaribu tena, mwanangu."

Safari ya tatu Shadya aliachana na udaktari kabisa. Alichora farasi anayetimka, singa za shingoni zinapepea, vumbi linaruka nyuma ya kwato. Nembo nyingi alizopata kuziona zenye farasi zilikuwa hivyo, na farasi ni mbio, nani asiyejua?

"Huyu anakimbia," alisema Bi Muzna, na safari hii hakucheka. "Wanaokuja kwangu wanaogopa hata farasi aliyesimama. Dada, mimi naona hatuelewani kwa simu. Jumatano asubuhi nina watu. Njoo utazame."

Jumatano Shadya akapanda bodaboda, akashika barabara ya Pangani. Kwenye mkoba alikuwa na daftari na penseli, na kichwani hakuwa na kitu. Alipofika Tongoni aliuliza kwa Bi Muzna mara moja tu. Kila mtu alimjua mama mwenye farasi. Lilikuwa shamba la minazi la familia, nyumba ya zamani yenye baraza pana, na nyuma yake uwanja wa mchanga uliozungushiwa miti.

Bi Muzna alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mweupe wa asili ya Oman, dera amelipandisha kiunoni na miguuni amevaa viatu vya mpira. Alisimulia mambo yake upesi upesi huku akimsugua farasi kwa brashi. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa Muscat, katika kituo cha kuwafanyisha mazoezi watu waliopooza na watoto wenye mtindio wa ubongo, na huko ndiko alikowaona farasi wakitumika. Baba yake alipofariki alirudi kuangalia shamba, akaona hapati usingizi kwa kukosa kazi yake. Akanunua farasi wawili Arusha, wakaletwa kwa lori. Huyu jike mweupe mwenye madoadoa ya kijivu aliitwa Sahiba.

"Weka mkono hapa," alimwambia Shadya, akaukamata mkono wake na kuuweka juu ya mgongo wa farasi. "Sasa nitamvuta. Wewe tembea naye, usiutoe."

Sahiba akapiga hatua nne, tano. Chini ya kiganja Shadya alihisi mgongo ukipanda na kushuka, ukienda kulia, ukirudi kushoto.

"Umehisi? Hivyo ndivyo nyonga zako zinavyokwenda ukitembea. Mtu asiyeweza kutembea ukimweka juu yake, mwili wake unatembea bila miguu yake. Unakumbushwa. Leo kidogo, kesho kidogo."

"Kwa hiyo dawa ni farasi," alisema Shadya.

"Dawa ni mwendo wake."

"Mwendo nauchoraje, Bi Muzna?"

"Hilo sasa ni lako." Bi Muzna akatazama saa. "Mgonjwa wangu wa kwanza amekwishafika, anavalishwa kofia. Simama pale kwenye kivuli. Ukitaka kupiga picha, yeye hana neno. Ndiye huyo aliyenipa namba yako."

Shadya akaenda kivulini, akafungua simu, akaanza kurekodi. Farasi alipelekwa nyuma ya banda na mfanyakazi, na baada ya muda akatokea upande wa pili akitembea polepole, mtu juu yake, na mzee mmoja pembeni ameushika mguu wa yule aliyepanda. Shadya alimwona mzee kwanza. Alikuwa amevaa kanzu aliyoifunga kiunoni ili aweze kutembea, na alikuwa na ule mwendo wa kurusha bega la kushoto ambao Shadya asingeusahau hata angeambiwa ausahau.

Alikuwa Ami Uweso.

Miaka miwili na nusu nyuma, Ami Uweso aliingia kwao Ngamiani, akavua makubazi, akaketi kwenye jamvi mbele ya baba yake Shadya, akasema kwamba mtoto wa ndugu yake ameghairi. Amepata kazi Muscat, amekwishaondoka, ameomba binti asiwekwe kumngojea. Wakati huo barua ya posa ilikuwa imejibiwa, mahari imetajwa, na mama yake Shadya alikuwa ameshawaambia majirani. Shadya aliyasikia yote akiwa nyuma ya pazia. Alipiga simu ya mchumba wake siku hiyo na siku kumi zilizofuata, haikupatikana. Kisha akaifuta namba.

Mchumba huyo aliitwa Tahiri, kijana wa Moa, aliyekuwa akiendesha gari dogo la kubebea samaki kutoka kwao mpaka Tanga mjini. Walijuana alipokuja kuandikisha jina la gari lake. Alibadili maneno mara sita, na mara ya sita Shadya akamwuliza kama anatafuta jina au anatafuta sababu ya kurudi.

Sasa Shadya akainua macho kumtazama aliyekaa juu ya farasi. Kofia ngumu ilimfunika nusu ya paji la uso. Alikuwa amekonda, ndevu zimejaa, na macho yake ameyakaza katikati ya masikio ya Sahiba kama mtu anayesoma maandishi madogo. Mkono wa kuume ulikuwa umejikunja kifuani. Alikuwa Tahiri.

"Mgongoni, Tahiri!" Bi Muzna alipaza sauti. "Usikilize mgongo wake, usitazame chini!"

Simu iliendelea kurekodi. Shadya hakujua kama bado ameishika. Kitu cha kwanza kilichomjia kilikuwa cha kijinga: alijiuliza Tahiri amerudi lini kutoka Muscat. Cha pili, huko Muscat alipatwa na nini. Farasi alizunguka uwanja mara nane, na kila alipopita karibu Shadya alirudi nyuma hatua moja, mpaka mgongo wake ukagota kwenye mti.

Walipomteremsha walimkalisha kwenye benchi. Ami Uweso alinyanyuka, akamwona Shadya, akasimama kama aliyekanyaga mwiba. Kisha akageuka, akaenda kwenye pipa la maji, akaanza kunawa mikono iliyokuwa safi.

"Shadya," Tahiri aliita. Sauti ilikuwa yake, lakini maneno yalitoka moja moja. "Umekuja. Nilidhani… ukijua ni mimi… hutakuja."

"Sikujua ni wewe." Alisogea, akabaki amesimama. "Niliambiwa uko Muscat."

"Muscat?"

"Una kazi huko."

"Muscat sijafika. Hata siku moja."

"Sasa hii hali umeipata wapi?"

"Ajali. Lungalunga, nilipokuwa nakwenda Mombasa. Si uliambiwa?"

"Nani aniambie?"

Tahiri alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayemwonea huruma anayejitetea. "Hayo yamepita. Mimi nilikusamehe zamani, Shadya. Ndiyo maana… Bi Muzna alipotafuta mchoraji… nikampa namba yako."

"Ulinisamehe nini?"

"Kuikataa posa."

"Nani aliikataa?"

"Wewe."

Shadya aliketi. Hakukusudia kuketi karibu naye, ila benchi ndiyo iliyokuwa hapo. "Tahiri, mimi sikukataa kitu. Wewe ndiye uliyeghairi."

"Nighairi vipi? Nilikuwa hospitali, Mombasa. Siku ishirini na tatu… sina fahamu."

Shadya alikuwa akijaribu kuzipanga zile siku: siku aliyokaa nyuma ya pazia, siku alizopiga simu, siku aliyoamua kwamba mwanamume yule hana maana. Kila alipoiweka moja mahali pake, nyingine ilitoka. Tahiri naye alikuwa akitingisha midomo bila sauti, kisha akageuza kichwa kulitazama pipa la maji.

Shadya akasimama, akamfuata mzee.

"Shikamoo, ami," alisema, na papo hapo akajichukia kwa kuitamka kwa adabu ile ile ya siku zote.

"Marahaba." Ami Uweso hakuinua uso. "Najua unataka kuuliza nini."

"Sijui hata mimi nataka kuuliza nini. Niambie tu."

Mzee alijifuta mikono kwenye kanzu. "Daktari alisema hata akiamka hatakuwa mtu wa kujitegemea. Nikafikiri, binti wa watu asifungwe. Ningesema ajali, ungekuja Mombasa."

"Ningekuja."

"Ndiyo. Ungekuja, ungekaa, ungezeekea pale kitandani pake. Nikaona bora umchukie. Mtu akichukia anaolewa kwingine."

"Na yeye ukamwambia mimi nimekataa."

"Alipopata kusema, jina lako ndilo alilolianza. Kila siku, mwiteni Shadya. Ningemwambia nini? Kwamba nimekwenda kuivunja posa yake naye yu hai? Nikasema umesikia hali yake, umekataa. Nilidhani atapata hasira, hasira zimwinue."

"Zilimwinua?"

"Hapana," alisema mzee. "Alilala ameelekea ukutani miezi mingi. Bi Muzna ndiye aliyemwinua, na huyu mnyama. Mimi namleta, namshika mguu, nazunguka naye. Kila Jumatano nasema leo nitamwambia. Nikimwona amekaa vizuri juu ya farasi naogopa ataanguka."

Shadya alingoja hasira ije. Alikuwa na haki nayo, na alikuwa ameiweka miaka miwili na nusu kwa ajili ya mtu mwingine. Lakini mzee alikuwa mbele yake na mikono iliyolowa, ametenda ubaya kwa nia njema, na Shadya hakujua ambebeshe kipi. Aliondoka bila kumuaga mtu. Njiani dereva wa bodaboda alimsemesha mara mbili, akaitikia ndiyo mara zote mbili bila kusikia alichoulizwa.

Wiki ile hakuchora. Alifungua kompyuta, akafunga. Blessing alimwuliza kama amemwona farasi, akasema amemwona. Akamwuliza anatibuje, akasema anatembea. Blessing akamtazama kwa jicho la wasiwasi, akarudi kwenye kopi zake. Nyumbani hakumwambia mama yake neno, kwa kuwa hakujua sentensi ya kwanza iwe ipi. Asingeweza kusema Tahiri amerudi, maana hakuwahi kuondoka. Wala kwamba Tahiri hana kosa, maana mama angeuliza basi kosa ni la nani, na mwisho wa maswali hayo hakuuona.

Siku ya sita Bi Muzna akatuma ujumbe mfupi: "Vipi, mwanangu? Nimesikia yaliyotokea. Kama kazi imekuwa nzito, niambie nitafute mwingine."

Ni ujumbe huo uliomwamsha. Kazi yake asingempa mtu. Akaifungua ile video, akasema moyoni atamtazama farasi tu.

Alimtazama farasi. Alitazama kwato, singa, kichwa. Mara ya tano akagundua kwamba hatazami tena kitu kimoja kimoja. Pale Sahiba alipopinda kona, mgongo wake na mgongo wa Tahiri ilikwenda pamoja. Ukishuka wa chini, wa juu nao unashuka, kana kwamba ni mstari mmoja uliolala kisha ukasimama. Akachukua penseli, si kompyuta, akauchora mstari huo bila kuinua mkono: ulianzia kwenye mkia, ukapita mgongo wa farasi, ukapanda ukawa mgongo wa mtu, ukaishia kwenye kichwa cha mviringo. Miguu hakuitia, uso hakuutia.

Na jina? Katika video sauti ya Bi Muzna ilirudia neno lile lile: mgongoni, mgongoni. Akaandika chini, Mgongoni, na chini yake kwa herufi ndogo, Mazoezi ya tiba juu ya farasi, Tongoni.

Bi Muzna alipiga simu mwenyewe. "Jina nimelipenda. Lakini mbona farasi hana miguu?"

"Ulisema dawa si miguu."

"Nilisema dawa ni mwendo. Nimewaonyesha watu hapa. Mmoja amesema ni wimbi. Mwingine amesema ni mtu kapanda kilima. Mimi mwenyewe sasa nimechanganyikiwa, sijui nimependa au nimezoea."

Nyuma yake ilisikika sauti ya mwanamke. Huyo alikuwa Devota, mama aliyekuwa akimleta binti yake kutoka Tanga mjini. "Mwambie amtie masikio!" alikuwa akisema. "Ni mtu kapanda farasi, mnahangaika nini? Mtie masikio, kwisha!"

Shadya akatia masikio mawili mbele ya mstari. Kweli, kwisha.

Kibao kilipokuwa tayari alikipeleka mwenyewe. Walikisimamisha kwenye njia inayoingilia shambani, Bi Muzna akielekeza kulia kidogo, kushoto kidogo. Tahiri alikuwepo, amekaa kwenye kiti cha plastiki, fimbo magotini. Ami Uweso hakuonekana.

"Ami aliniambia yote… siku ile ile. Wiki mbili sikusema naye," Tahiri alisema baada ya Bi Muzna kuwaacha. "Mfanyakazi akawa ananishika. Ananishika vibaya. Jumatano ijayo… nimemwambia ami aje."

"Umemsamehe?"

"Sijui. Anajua kunishika." Akaigeuza fimbo magotini. "Nikileta barua tena?"

Shadya alikuwa akijifuta rangi vidoleni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. "Asiilete ami."

Tahiri alicheka, upande mmoja wa mdomo ulicheka na mwingine ukachelewa. "Nitaileta mwenyewe. Itachukua muda."

"Na mimi sijui nitajibu nini, Tahiri. Sikudanganyi. Nilikulilia, nikakuchukia, nikakusahau. Sasa naambiwa yote yale yalikuwa ya mtu ambaye hayupo. Nikikutazama sijui namtazama nani."

"Hata mimi," alisema Tahiri. "Nilizoea… kukusamehe. Sasa sina cha kukusamehe."

Aliileta mwezi wa Rajabu. Alishuka kwenye bajaji mbele ya duka, akatembea hatua kumi na moja mpaka mlangoni kwa fimbo yake, jasho linamtoka, na Blessing, ambaye hakuwa akimjua, akampa kiti na kumwuliza anataka kopi ngapi. Barua ilikuwa imeandikwa kwa mkono wa kushoto, mistari imepanda na kushuka. Shadya aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akampa maji ya kunywa. Waliongea habari za farasi, kwamba Sahiba amepata mafua na wa pili ni mkaidi, mpaka bajaji ikarudi kumchukua.

Jioni akaiweka barua mbele ya wazazi wake, akawaeleza yote toka mwanzo. Ilichukua muda mrefu kwa sababu mama yake alimkatiza kila mahali, na baba yake aliuliza mara tatu nani hasa alikuwa Muscat. Hakuna aliyekuwa Muscat, Shadya alisema. Mama alilia, kisha akakasirika, kisha akauliza sasa wajibu nini.

"Mjibuni kwamba imefika," alisema Shadya. "Hayo mengine nipeni mpaka Ramadhani ipite."

Baba yake akatafuta kalamu.